Kisima Nilichokiita Safi

Bi Zuhura amekufa juzi Wete. Aliyenipigia simu kunambia ni kijana nisiyemjua, aliyelikuta jina langu katika simu ya marehemu limeandikwa "Bwana Afya". Hakuna mtu mwengine duniani aliyekuwa bado akiniita hivyo. Nilimshukuru kijana, nikamwombea marehemu, nikakaa barazani kwangu hapa Chokocho mpaka chai ikapoa mbele yangu. Watu wa nyumbani wakadhani ni huzuni. Huzuni ninayo, lakini iliyonikalisha pale ni hasira, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Nimevuka miaka themanini. Siku ya kustaafu nilisomewa risala ndefu ya utumishi mwema, na hata leo watu huniinukia msikitini wanipishe nafasi. Mwanamke yule kaingia kaburini na jina baya, na aliyempa jina hilo ni mimi. Kesho kutwa ni hitma yake. Kabla sijakwenda nataka niuandike mwaka ule kama ulivyokuwa, bila ya kujipamba.

Zilikuwa zama za siasa, mwanzo wa miaka ya sitini, kabla ya Mapinduzi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka Unguja kwenye mafunzo ya miezi sita ya usafi na maji, nikapelekwa Wete kuwa msaidizi wa Bwana Afya. Kwa wanakijiji neno msaidizi halikuwapo. Mvaa kaptula ya kaki mwenye sanduku la vichupa ndiye Bwana Afya mwenyewe, na mimi sikumsahihisha mtu. Nilipata chumba kwa Bi Zuhura, katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji, upande unaotazama kisiwa cha Fundo. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mchache wa maneno, akiishi na binti yake mmoja tu, Asha, aliyekuwa na mimba ya kwanza na amekuja kwa mama yake kusubiri kujifungua. Chumba changu kilikuwa cha uani, kitanda cha kamba, misumari mitatu ukutani ya kutundikia nguo, na chini ya kitanda vikapu vya karafuu za mwenye nyumba, hata mashati yangu yakanuka karafuu mwaka mzima. Asubuhi nikiletewa muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai; mchana wali na mchuzi wa samaki wa nazi, na siku pweza akipatikana, pweza. Kiambaza cha udongo kati yangu na jiko kilikuwa chembamba, nikiyasikia yote. "Mama, huyu mtoto wa watu kutwa kainamia vyoo," Asha alisema siku moja. "Ndiyo kazi yake," akajibu Bi Zuhura. "Kazi gani hiyo? Mamake anajua?" Wakacheka wote wawili, na mimi kitandani nikacheka peke yangu, maana kwa kweli nilijiona mtu mkubwa sana.

Nilijiona mkubwa kwa sababu nilijua jambo ambalo pale kijijini halijui mtu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba uchafu wa binadamu hauozi wenyewe, unaliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ile harufu kali ya mkojo ni amonia, na ndani yake mna nitrojeni, kitu kilekile kinachoshibisha mimea shambani. Vijidudu vikipata hewa na mahali pa kukaa, huila amonia hiyo na kuigeuza chumvi isiyo rangi wala harufu, iitwayo naitreti. Mwalimu wetu alituambia tusimwage dawa chooni tukiua kila kitu, tuvijengee vijidudu nyumba vitufanyie kazi bure. Nililipenda somo lile, nikaliandika lote katika daftari, na nilipofika kijijini nikatafuta mahali pa kujionyesha.

Mahali penyewe palikuwa choo cha msikiti. Mwaka ule karafuu zilizaa sana, wachumaji wakaja kwa makundi wakilala mabandani, na wote wakitumia choo kile kile kimoja. Harufu ikawa inaingia mpaka kwenye safu za swala. Nikaenda kwa Shehe Khatib, imamu wetu, nikamwambia nitaiondoa. Tulijenga tangi la saruji la kutuamisha uchafu, na baada yake shimo pana lililojazwa mawe yaliyopondwa, maji ya tangini yapite juu ya mawe kidogo kidogo yakipigwa na hewa, halafu yaingie ardhini. Wiki za mwanzo hakuna kilichobadilika, watu wakanikejeli. Kisha mawe yakashika utelezi wa kijivu, na utelezi ule ndio vijidudu vyenyewe, na siku zikienda harufu ikapungua mpaka ikaisha kabisa. Niliwakusanya watu baada ya swala ya Alasiri. Nikachota maji ya tangini katika kichupa, nikatia matone ya dawa, yakageuka manjano mazito: hiyo amonia. Nikachota yaliyotoka chini ya mawe, nikatia matone yale yale, yakabaki meupe. Watu wakaguna kwa mshangao. Shehe Khatib akakichukua kichupa, akakinusa. "Rangi hamna, harufu hamna," alisema. "Ladha sithubutu." Watu wakaangua kicheko. Katika fikihi tuliyosomeshwa chuoni, maji yasiyobadilika rangi wala harufu wala ladha ni tohara, na hapo dawa yangu na kitabu chake vilikuwa vinasema neno moja. Lakini mzee yule hakuwa mtu wa kuridhika upesi. "Nambie, mwanangu," akasema, "hiyo amonia imekwenda wapi? Kitu hakipotei hivi hivi." Nikamjibu kwa kiburi cha daftari, "Imekuwa chumvi, Shehe. Chumvi tu, haina madhara." Hilo la kwamba haina madhara sikufundishwa na mtu. Nililitia mwenyewe kwa kuwa watu walikuwa wananitazama.

Chini ya msikiti, pale ardhi inapoteremka, ndipo ilipokuwa nyumba ya Bi Zuhura, na nyuma ya nyumba kisima chake. Maji yake yalikuwa baridi, matamu, na mimi nikiyanywa kila siku. Sikuumwa hata kichwa.

Asha alijifungua mtoto wa kike mwisho wa msimu. Siku ya nane homa ya uzazi ikamchukua. Sitaki kuyaeleza maziko yale. Nitasema tu kwamba Bi Zuhura hakulia mbele za watu, na usiku wa tatu yake nilimsikia nyuma ya kiambaza akimwimbia mtoto kwa sauti iliyokauka. Mtoto aliitwa Riziki. Akawa analia njaa, na hapo ndipo siasa ilipotuingilia ndani. Jirani yetu mmoja, Bi Raya, alikuwa na mwana mchanga, akaja mwenyewe mlangoni na kusema, "Nipeni mtoto nimnyonyeshe. Maziwa ninayo mpaka yanamwagika." Lakini mume wa Bi Raya alikuwa wa chama kingine, na mwaka ule wa vyama watu walikuwa hawaendeani hata kwenye misiba. Bi Mize, mama yake Faki mume wa Asha, yaani nyanya wa mtoto kwa upande wa baba, alikuwa amekaa pale ukumbini na kanga yake kajifunga kibwebwe. "Mjukuu wangu hanyonyi kwa watu wale," akasema. "Bora alale na njaa." Faki, baba wa mtoto, aliinamisha kichwa. Bi Zuhura akanigeukia mimi, kijana wa kupanga, kwa sababu nilikuwa na sanduku la vichupa. "Bwana Afya, weye wasemaje?" Alitaka nimsaidie. Nilimwona machoni kwamba anataka niseme mtoto apewe Bi Raya. Nami nikaona nafasi ya kuamua ugomvi wa wakubwa bila ya kumuudhi mtu. Nikasema hakuna haja ya kugombana, yapo maziwa ya kopo ya unga, watoto wa Kizungu wanakulia hayo, muhimu maji yachemshwe tu. Bi Raya akarudi kwake, maziwa yamemlowesha nguo.

Basi Bi Zuhura akalea kwa kopo na chupa. Sijamwona mtu msafi kama yule. Chupa aliisugua kwa majivu, akaisuuza kwa maji ya moto, akaianika juani juu ya ungo, nzi asiisogelee. Maji ya kisimani akiyachuja kwa kitambaa cheupe, akiyachemsha katika sufuria ndogo iliyowekwa kwa kazi hiyo tu. Mtoto akanenepa mwezi mmoja. Mwezi wa pili akaanza kubadilika rangi. Kwanza midomo, kama mtu aliyekula zambarau, kisha kucha, kisha ngozi yote ikawa na rangi ya majivu. Hana homa, haharishi sana, ila anachoka, anahema kama aliyekimbia. Tulimpeleka hospitali, mimi nimewapakia Bi Zuhura na mtoto kwenye kiti cha nyuma cha gari la serikali. Muuguzi alipomchoma kisigino apate tone la damu, damu ikatoka ya hudhurungi, rangi ya kahawa. Muuguzi akaitazama, akanitazama. Daktari akasikiliza kifua akasema moyo wa mtoto una kasoro ya kuzaliwa. Tukarudi. Njiani Bi Zuhura akaniuliza, "Huenda ikawa maji?" Nikamwambia, "Maji si kitu. Lakini zidisha kuyachemsha, yakae motoni nusu saa nzima." Akafanya hivyo. Nilimwona amekaa kwenye kibao mbele ya sufuria, anachochea kuni, maji yanapungua na kupungua mpaka yanabaki nusu, na hiyo nusu ndiyo aliyompa mtoto. Akimpa kila siku, kwa sababu nilimwambia mimi. Mtoto alikufa asubuhi, jua limekwisha kupanda, mapajani mwake, na chupa ikiwa mkononi.

Baada ya maziko wanaume walikaa barazani msikitini. Faki akanikabili mbele ya wote. Hakuwa mkali, alikuwa kijana aliyefiwa mara mbili katika miezi mitatu. "Bwana Afya, watu wanasema mawe yako ya chooni yameharibu kisima. Kweli?" Nikalifuata sanduku langu, tukateremka sote kisimani, nikachota, nikatia matone. Maji yakabaki meupe. Nikarudia. Meupe. "Safi," nikasema. "Hayana kitu." Shehe Khatib akatikisa kichwa kukubali, Faki akabaki amesimama. "Basi mwanangu kauliwa na nini?" Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe fupi, na lilikuwa la kweli. Lakini nilikuwa nayaogopea mawe yangu, naliogopea jina langu, na wote walikuwa wananingoja. Nikasema, "Labda chupa. Chupa isipooshwa vyema huleta maradhi." Bi Zuhura alikuwa nyuma ya mlango wa uani, wazi nusu. Nilikiona kivuli cha kanga yake. Mchana ule alinipikia kama kawaida, akaniwekea chakula mlangoni, akasema, "Karibu chakula, Bwana Afya," na sikuweza kumtazama. Jioni nikawasikia kwa mara ya kwanza wanawake wakipita njiani: "Ndiye huyo. Chupa chafu." Mwezi uliofuata niliomba uhamisho.

Ilipita miaka zaidi ya kumi. Nilipelekwa bara kwa masomo makubwa zaidi, na huko tulionyeshwa mitambo ya maji machafu yenye matangi mengi. Mkufunzi alieleza kwamba kazi ina sehemu mbili. Vijidudu vya kwanza vinataka hewa, na ndivyo vinavyogeuza amonia kuwa naitreti. Vya pili vinakaa pasipo hewa, na hivyo ndivyo vinavyoivunja naitreti, nitrojeni ikarudi angani bila ya kumdhuru mtu. Mimi kule msikitini nilivijengea nyumba vya kwanza tu. Nikaufungua ukurasa uliofuata wa kitabu nilichopewa, na hapo, kwa maneno yasiyozidi mistari mitano, nikamkuta Riziki. Naitreti ikizidi kisimani, mtu mzima hadhuriki, ila mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo damu yake hushindwa kubeba hewa, ikageuka rangi ya kahawa, na ngozi ikaingia buluu. Dawa ya amonia haiionyeshi. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua, naitreti inabaki, kila tone linakuwa kali zaidi. Nilitoka darasani nikatapika nyuma ya jengo. Hilo nalisema kwa kuwa ndilo tendo pekee la heshima nililolifanya katika habari hii yote.

Niliporudi Pemba nilikuwa na cheo. Nikaamuru kisima kifukiwe, nikaleta bomba. Bi Zuhura alisimama mlangoni akiwaangalia vibarua wakimwaga kifusi. "Kina nini?" akaniuliza. "Hakina kitu, Bi Zuhura. Ni mpango wa serikali." Akanitazama, akasema, "Haya." Kila Idi baada ya hapo nikampelekea kitu, kanga, mchele, baadaye simu, na kila nikienda najiambia leo nitasema, na kila nikifika nasema habari za mvua.

Mwaka jana nilimtembelea akiwa kitandani. Akawatoa watu chumbani. "Nataka nikuulize, Bwana Afya, maana mie nakwenda zangu," alisema. "Yalikuwa maji?" Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza yote, chumvi, damu, na kule kuchemsha. Niliposema kuchemsha alifumba macho. Kisha akasema, "N'lijua siku mlipokifukia. Watu hawafukii kisima kwa ajili ya chupa chafu. N'likuwa nakungoja useme." Nikamwomba msamaha, nikilia, mzee mzima. "Msamaha wangu unao," akasema. "Lakini hukunisema chumbani, yakhe. Ulinisema mbele za watu. Kaseme mbele za watu." Nikamwahidi Ijumaa. Ijumaa ile nikaswali pale pale msikitini kwao, safu ya mbele, nikasubiri mpaka imamu amalize dua, nikainuka, nikavaa viatu vyangu, nikapanda gari nikarudi Chokocho. Alinipigia simu mara mbili. Sikupokea.

Niliandika mpaka hapo, kalamu nikaiweka. Sasa nimerudi kutoka kwenye hitma, na lililobaki ni hili. Wanaume tulisomea uwanjani chini ya turubai, na pilau ilipokuwa inasubiriwa niliomba niseme neno. Nikalisema lote. Vijana walinisikiliza kwa adabu, wengi wao hawakumjua hata Faki, ambaye amekufa zamani. Imamu wa sasa, kijana mzuri, akaniombea dua, akasema Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe, na sinia zikaletwa. Yakaishia hapo. Watu wakala. Nikagundua kwamba nimesema mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimsema vibaya. Waliomsema walikuwa ndani, upande wa wanawake. Nikainuka, nikaenda mpaka mlango wa uani, nikapiga hodi, nikasimama nje ya pazia. Nikaomba niongee na mkubwa wa jamaa za Faki. Akaja Bi Salama, dada yake, binti wa yule Bi Mize, ajuza anayetembea kwa mkongojo. Ndani maneno yakakatika, nikajua wote wananisikia. Nikasema tena: chupa ilikuwa safi, ilikuwa safi siku zote, maji ndiyo yaliyomuua mtoto, na maji niliyaharibu mimi, na kuyachemsha niliamuru mimi.

Bi Salama hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza nimelijua lini. Nikamwambia. Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza.

"Mie nimezaa saba," akasema. "Huyu Zuhura alikuwa mkwe wetu, jirani yetu, mlango kwa mlango. Kila nilipozaa alikuja kunipa mkono wa heri, akasimama pale mlangoni, akanyoosha mikono apewe mtoto. Na mimi nikamfunika mwanangu nikamgeuzia ukutani. Mara saba. Na wenzangu wote waliomo humu ndani vivyo hivyo, mpaka akaacha kunyoosha mikono. Miaka yote hiyo hajapakata mtoto. Weye ulikuwa wapi, Bwana Afya?"

Nikamwambia nilikuwa hapahapa Pemba.